Mume wa Redioni

Mshonaji wa magauni ya arusi alikuwa amevalisha nusu ya mtaa, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kuvishwa hata pete ya bati. Aliishi na seremala, bila shehe wala padri, tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Mawifi walimnunia mpaka wakachoka kununa. Lakini kila asubuhi seremala alitangulia kuamka, akachemsha chai, akamwekea kikombe kando ya cherehani na kuuliza, "Umeamkaje, mama?" Alijua fika kwamba mwanamke asiyefungwa ndoa hahitaji talaka akitaka kuondoka, anahitaji sanduku tu.

Siku moja redio ikatangaza sheria mpya: wanaoishi pamoja miaka mingi sasa ni mume na mke, wapende wasipende. Mawifi wakaja mbio na vigelegele, wale wale waliokuwa wakimwita kimada.

"Hongera, wifi yetu!"

Seremala naye akatanua kifua, akavuta kiti, akakunja nne.

"Mke wangu," akaita, "chai iko wapi?"

Cherehani ikanyamaza. Mshonaji akamtazama kuanzia kandambili mpaka kipara, kisha akawageukia wageni.

"Mawifi zangu, yule bwana niliyekuwa nikiishi naye alikuwa ananichemshia chai. Mkikutana naye huko nje, mwambieni arudi, nyumba ni yake. Huyu wa redioni simjui. Ameozeshwa na serikali. Basi chai akainywe serikalini."