Hewa Iliyovuka Busia kwa Machozi

Wiki iliyopita tulimpoteza yule dereva wa gari la wagonjwa la Tororo, mtu mnene mwenye mdomo usiojua kupumzika. Nilimfahamu siku dada yangu alipobanwa na pumu upande wa Kenya, katika zahanati ya Busia isiyokuwa na oksijeni hata kidogo. Dada anahema, midomo imebadilika rangi, na mimi nimesimama mpakani nikingoja mtungi kutoka Tororo.

Mtungi ulifika upesi. Ila tangu tupate uhuru tumejaliwa maofisa wa forodha wenye bidii ya ajabu. Wa siku ile aliuzunguka mtungi, akaugonga kwa kidole.

"Umebeba nini humu?"

"Hewa, bwana. Iko mama anataka kufa hapo zahanati."

"Hewa ya Uganda? Kibali kiko wapi?"

Upepo wa Tororo ulikuwa ukitupuliza usoni tangu asubuhi bila kibali, lakini sikuutaja. Nilikuwa nikibembeleza. Dereva naye hakubishana. Aligeuza gari akaondoka, nami nikamlaani kimoyomoyo. Kumbe, kama alivyopenda kusimulia baadaye, alikwenda kuulaza mtungi kwenye machela, akaufunika shuka jeupe, akapakia akina mama wawili wachuuzi wa Lumino.

"Tumlilie nani?" wakamuuliza.

"Yeyote mnayemkumbuka."

Walilia kweli, jamani.

"Na ile hewa?" ofisa akauliza waliporudi.

"Nimerudisha, bwana. Sasa iko maiti."

Ofisa wetu mwadilifu akavua kofia, akainua kizuizi kwa mikono yake mwenyewe, akawapa pole. Ndivyo tulivyo: aliye hai aonyeshe karatasi, aliyekufa apite kwa heshima zote. Dada alipata pumzi yake.

Bahati mbaya dereva alikisimulia kisa hicho kila kilabu, mpaka kikafika forodhani, na tangu hapo maiti nao wakawa wanakaguliwa. Juzi tulipomvusha mwenyewe kwenda kuzikwa kwao, upande wa Kenya, ofisa yule yule aliamuru jeneza lifunguliwe. Zamani nilidhani ukitaka kuhudumiwa haraka mpakani petu ni lazima ufe kwanza. Siku hizi hata kufa hakutoshi. Nilipandwa na hasira, lakini dada alinishika mkono. Ofisa akainama, akatazama, akavua kofia taratibu.

"Ile hewa ya siku ile ninayo mimi, bwana ofisa," dada akamwambia huku akifuta machozi. "Kibali bado sijapata."