Majivu Juu ya Maua ya Seleri

Kama unajua seleri ya supu tu, ile majani, haujaona kitu. Mie sikusoma sana, ekole nilitoka mbio, lakini maua yake niliiangalia mpaka shingo ikauma. Shina inapanda, kule juu inatoa vijiti kama mbavu za mwavuli, na kila kijiti inatoa tena kamwavuli kadogo. Pale sasa njo maua: meupe, madogo kuliko kichwa ya sisimizi.

Huku Bunia seleri yetu haitoe maua ovyo. Ile yenye kutoa ilikuwa shina moja tu. Mbegu yake bibi yangu, ule nilioa, alikimbia nayo mu kitenge toka upande wa Mahagi, ilikuwa ya mama yake marehemu. Kule nyumba iliungua, na barabara inafungwa-fungwa. Shina ile ikikufa bila mbegu, basi, imeisha.

Inzi wakajaa pale juu. Shemeji yangu, mudogo wa bibi, akatoka jikoni na sahani ya majivu, vile tunafanyaka kwa kabichi yenye wadudu. Nikapiga kelele: "Acha!" Alikwisha kumwaga.

"Shemeji, inzi wananyaa mu supu yenu, na weye unawachunga kama ngombe?" akaniuliza.

Bibi yangu akasimama. Hakutukana. Ile njo iliniogopesha, sababu kutukana ni kazi yake.

"Wale inzi njo wanazalisha maua mbegu," akasema polepole.

Nikapuliza majivu. Upande moja ikaruka. Upande ingine ikanata, sababu katikati ya kila ua kuko kauvimbe kanang'aa, kenye maji tamu, njo ile inzi wanalambaka.

Tangu pale, kati ya bibi na mudogo wake ni "ndiyo" na "hapana" tu. Kila asubuhi bibi anachuchumaa kwa maua, mie nyuma yake. Vile vijani vitano vya ua vikaanguka. Hakuna kitu. Kisha, upande majivu iliruka, pembe mbili zikatokeza juu ya kale kauvimbe, kama za mbuzi mutoto, na chini yake tumbo ikaanza kujaa. Upande majivu ilinata ikakauka, nyeusi.

Ilipoiva nikachuna tunda moja. Ikapasuka yenyewe katikati, mapacha, kila nusu na mistari yake. Bibi akatafuna nusu, akafunga macho.

"Ni yenyewe."

Akafunga mbegu mu vitambaa viwili. Kimoja akamutupia mudogo wake.

"Kamata. Na majivu yako ibakie kwa kabichi."