Sabuni Mdomoni

Juzi hapa Buruburu polisi walimchukua Achieng', msichana wa jirani, kwa sababu ya wimbo wa kuisema serikali alioutuma kwa simu. Nikamkumbuka Mama Njoki, jirani yetu nilipokuwa mtoto.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari, mkoloni bado yuko. Akina mama walikuwa wakifua bombani, moshi wa makaa umetanda, na Mama Njoki akiimba wimbo wa kanisa uliotiwa maneno mengine. Mama yangu alizoea kumtania, "Wewe unaimba kama mbuzi!" Askari waliokuwa wakipita wakasimama.

"Ni wimbo wa Mungu, afande," Mama Njoki akasema.

"Mungu gani huyo anadai mashamba?"

Wakamburuta, povu bado mikononi. Mimi nilidhani kosa lake ni ile sauti mbaya. Nikauliza kwa nguvu, "Mama, wanaenda kumfundisha kuimba?" Mama akaniziba mdomo kwa mkono wenye sabuni, na wote wakainama wakaendelea kufua. Mama Njoki hakurudi.

Siku hizi tunajitawala, wanasema. Juzi nilipotoka kuuliza Achieng' anapelekwa wapi, mjukuu wangu Wambui alinivuta ndani.

"Shosho, nyamaza, watakusikia!"

Akaniziba mdomo. Mkono wake ulikuwa mkavu, lakini sabuni niliionja.