Tulizima feni kaskazi nzima kuokoa LUKU, kumbe tulikuwa tunagandisha ice cream za duka la mbele

Wakuu, salamu kwenu wote, mlioko Bongo na mlioko mikoani.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, na nyumba ninayoisema bado naishi humo humo, kwa hiyo majina nimebadilisha. Anayetaka kusema ni chai, yaani uongo, ruksa, ila amalize kusoma kwanza.

Mimi ni winga Kariakoo. Kwa wasiojua, winga ni yule jamaa anayekudaka ukiwa unashangaa shangaa, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka duka lenye mzigo, na mwenye duka anamtoa chochote. Ni kazi ya mdomo na miguu. Kuna siku unarudi na hela ya kula na kuna siku unarudi na vumbi tu.

Nimepanga chumba upande wa Gerezani, kwenye nyumba ya zamani, ukumbi katikati na vyumba kulia na kushoto, uani choo na sehemu ya kupikia. Mbele kuna fremu moja ya duka. Wenyeji wanasema zamani hiyo nyumba ilikuwa na upepo mzuri. Sasa hivi imebanwa na maghorofa pande tatu, dirisha langu linatazamana na ukuta wa stoo ya watu.

Naishi, au niseme nilikuwa naishi, na mke wangu Zuhura na mtoto wetu Nadhir. Kaskazi imeingia Nadhir ana miezi minane.

Sasa nyumba nzima ina mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Units zikiisha, mama mwenye nyumba, tumwite Bi Mwanaidi, anapita mlango kwa mlango, kila chumba kinachanga sawa na mwenzake, anaenda kununua. Walioishi nyumba za hivi wanajua ugomvi wake. Kila mtu anamvizia mwenzake nani anapasi, nani amechomeka heater, nani ana sabufa. Unaweza ukamchukia mtu kwa sababu ya birika la umeme.

Basi mwezi wa kumi na mbili units zikawa zinaisha kama mtu anakunywa. Tunachanga leo, baada ya siku chache Bi Mwanaidi huyo tena mlangoni.

Akaitisha kikao uani. Akasema, "Wanangu, mita haina macho, inakula kile mnachoilisha. Joto hili tukibweteka tutalala giza. Tubane."

Ikapitishwa hivi: friji zote za vyumbani zizimwe mpaka masika. Pasi mara moja kwa wiki. Mama Salome, jirani yangu anayeshona nguo, atoe mota kwenye cherehani arudi kukanyaga kwa miguu. Na feni ni usiku tu, mchana marufuku.

Tukakubali wote. Kwa kweli lilionekana jambo la busara, tena tulitoka pale tunajiona watu wenye akili.

Wakuu, tulibana. Naomba mnielewe, hatukubana kwa maneno.

Friji yetu ndogo ikageuka kabati la sufuria. Zuhura akawa anapika alfajiri kwenye mkaa chakula cha kutwa, kabla jua halijapanda. Mambo ya kutia nazi tukaacha, maana kwa joto lile mboga ya nazi ikifika mchana imeshachacha. Tukanunua mtungi wa udongo tukauweka kwenye kona juu ya mchanga, maji yakawa na harufu ya mvua lakini siyo ya baridi. Dirishani tukatundika kanga iliyoloweshwa, ikikauka inaloweshwa tena. Godoro tukalisimamisha ukutani, tukawa tunalala kwenye mkeka juu ya sakafu, na asubuhi unaamka na michoro ya mkeka mgongoni.

Mimi mchana sipo, niko barabarani nakimbizana na wateja. Aliyekuwa anashinda mle ndani ni Zuhura na mtoto.

Nadhir akatoka harara. Zilianzia shingoni, zikashuka mgongoni, zikaingia mpaka kwenye mikunjo ya mapaja. Poda tukapaka, hospitali tukaenda, daktari akatwambia mtoto akae sehemu yenye hewa. Nikamuitikia.

Zuhura akawa anampepea kwa kipande cha boksi nilichomletea sokoni. Anapepea mpaka mkono unakufa ganzi, anahamia mkono mwingine. Akiacha tu, mtoto analia.

Kilichotusaidia kidogo ni maji ya dukani. Lile duka la mbele ni la Shafii, mpwa wa Bi Mwanaidi. Tunamwita Mangi, kama Mchaga, ingawa ni Mzaramo wa Kisarawe kabisa, si mnajua mjini hapa kila mwenye duka la mahitaji ni Mangi. Alikuwa na friji mbili kubwa za vinywaji, na kaskazi hii akaongeza na ya ice cream. Zuhura alikuwa ananunua kwake chupa ya maji iliyoganda, anaizungushia kanga, anamlaza Nadhir pembeni yake. Ndiyo mtoto anapata usingizi. Barafu ikishayeyuka tunayanywa.

Kila siku chupa, na siku za joto kali mbili. Shafii alikuwa anatutania, "Baba Nadhir, nyie ndio mnaniweka mjini." Tunacheka naye.

Cha ajabu, pamoja na kubana kote huko, units ziliendelea kuisha vile vile. Ndipo maneno yakaanza. Mara ni Mama Salome anarudisha mota kwa siri. Mara ni yule kijana wa chumba cha mwisho. Mwishowe kidole kikatua kwetu, kwa sababu sisi ndio tuna mtoto mdogo na Zuhura ndiye anayeshinda ndani.

Siku hiyo nimerudi saa za mchana kubadili shati. Namkuta Bi Mwanaidi katikati ya chumba changu, amepanda kwenye ndoo, kiganja ameweka nyuma ya feni yetu ya ukutani. Anasikilizia kama mota ina moto.

Zuhura amesimama kwenye kona na mtoto begani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nahakikisha tu, baba. Watu wanalalamika."

Mota ilikuwa ya baridi. Akashuka, akajifuta vumbi la feni kwenye kanga yake, akatoka. Samahani hakusema.

Zuhura ni Msambaa, kwao Lushoto. Wale watu wakikasirika hawapigi kelele. Alinitengea chakula, akaningojea nimalize kula, ndipo akaniambia, "Mume wangu, mimi joto nimelivumilia. Kupekuliwa kama mwizi wa upepo sitaweza. Naenda nyumbani na mtoto akapoe. Ukipata chumba chenye mita yake utatuita."

Sikumzuia. Ungetazama mgongo wa mtoto usingeweza kumzuia.

Nikawapeleka stendi, nikarudi kwenye mkeka wangu. Na ninawaambia ukweli, hata nilipobaki peke yangu feni ya mchana sikuwasha. Nilijiona mtu wa msimamo.

Sasa ilikuwa siku ya jumapili, mchana, jua la kuchoma utosi. Nimesimama dukani kwa Shafii nanunua maji. Friji zinanguruma kama kawaida. Mara kimya. Taa za ndani ya friji zikazima zote kwa mpigo, feni ya juu ya kichwa chake ikaanza kuzunguka polepole mpaka ikasimama.

Nikadhani umeme umekatika mtaa mzima. Nikageuka, duka la pili muziki unapiga. Ng'ambo ya barabara taa zinawaka.

Kutoka ukumbini nikasikia sauti ya Bi Mwanaidi, "Jamani LUKU imekata, tujichange."

Na Shafii, bila hata kunitazama, akachungulia mlango wa nyuma akaita, "Shangazi, waambie wachange haraka, ice cream zangu zinayeyuka."

Halafu akakumbuka kwamba nimesimama pale.

Wakuu, nikaanza kuhesabu na ile chupa mkononi. Friji mbili, ya ice cream ya tatu, feni na taa. Vyote, tulivyodhani vina mita yao, vinakula kwenye mita yetu na yeye hachangi, maana duka siyo chumba. Sisi tumezima friji zetu ili yake ziwake, halafu tunatoka nje kununua kwake ubaridi tulioulipia sisi wenyewe. Mwanangu alikuwa anakumbatishwa barafu ya umeme wa baba yake, kwa bei ya duka.

Nikaitisha kikao siku hiyo hiyo jioni, units zimeshanunuliwa na umeme umerudi. Nikaeleza vizuri, bila matusi. Nikawaambia twende tukazime swichi kubwa wote tuone duka kama litabaki na taa. Hakuna aliyesimama.

Bi Mwanaidi akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nyumba yangu. Mita yangu. Duka la mtoto wa kaka yangu. Anayeona joto ahame."

Nikawatazama wenzangu. Nilitegemea hasa Mama Salome, aliyekanyaga cherehani mpaka miguu ikavimba. Akatazama chini. Baadaye ndiyo nikajua kuwa Shafii alishamwahidi nafasi kwenye baraza la duka aweke cherehani yake, na mota achomeke huko huko.

Kisha Shafii akaja na kreti ya soda za baridi, akamgawia kila mtu. "Tusigombane ndugu zangu, joto tu hili."

Wakanywa. Mbele yangu wakanywa, wengine wakabeua. Mimi ya kwangu niliiacha chini. Mama Salome akaniambia, "Baba Nadhir, kunywa basi kabla haijapata moto." Alipoona sinywi, akainywa yeye.

Kodi yangu ikiisha natakiwa kuondoka. Wenzangu wanabaki, na bado wanachanga.

Nilichojifunza ni hiki. Ukienda kutazama chumba usiishie kutazama dari na choo. Uliza mita ni ya nani na inalisha wapi. Mkiambiwa mbane, omba kwanza swichi kubwa izimwe, halafu toka nje uangalie nani mwingine amebaki gizani. Na usitegemee uliobana nao. Watu wakishazoea kuvumilia wanamwona mbaya yule anayewaonyesha walichokuwa wanavumilia.

Sasa mvua zimeanza na hali ya hewa imepoa. Siku hizi naamka nawasha feni, naenda kazini nimeiacha inazunguka. Bi Mwanaidi anapita mlangoni anaisikia, anaendelea na njia yake. Nafanya kwa hasira tu, maana joto lenyewe limeshaisha na aliyekuwa anaihitaji hayupo.

Juzi Zuhura kanipigia kwa video. Nadhir mgongo umekuwa laini, hana hata alama. Alikuwa amesimama dede anashika ukuta, akauachia, akatembea hatua zake za kwanza. Zuhura akamwambia, "Nenda kwa baba."

Akatembea mpaka kwa babu yake.

Karibuni mtoe maoni, na wa kunicheka mnicheke. Ila mwenye kujua chumba Ilala, Buguruni, hata Kigamboni, chenye mita yake peke yake, aje PM. Kiwe kidogo hata kama kitanda hakigeuki. Nataka nimpigie Zuhura kabla mtoto hajazoea zaidi.