Wimbo wa Singo Yangu Umechezwa Thelujini

Assalaam aleikum admin na wasomaji. Jina langu lifiche, na majina ya humu nimeyabadili, maana Maskati ni ndogo na sisi wenye asili ya Unguja tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na minane, nimeolewa mwaka jana, tunakaa Mabela. Naandika mbio mbio kwa sababu Ijumaa hii baada ya sala kuna mtu ataapishwa nyumbani kwa bibi yangu, Sib, na hana kosa.

Mume wangu, nitamwita Nasri, ana kazi yake ya ofisini, lakini roho yake iko kwenye muziki wa kompyuta. Ni mtu mwema, sikatai. Tatizo kakulia hapa hapa kwa Kiarabu, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza kwa mama yake: salamu, chakula na matusi mawili matatu. Hilo mlishike, ndilo lililotufikisha hapa.

Siku ya singo yangu, nilipokuwa nasuguliwa kabla ya harusi, wanawake walijifungia ndani wakaniimbia nyimbo za unyago. Bibi aliimba mwenyewe, na Bi Zuwena, mjane wa hapo Sib anayealikwa maharusini kupiga ngoma, akampigia. Kina mama mnajua, nyimbo zile haziendi kwa wanaume. Bibi aliniruhusu nimrekodi. Akaniambia, "Mimi nna umri, siku sipo utanisikiliza. Lakini masikioni mwako tu, mke mwenzangu." Nikauweka kwenye simu. Baadaye Nasri alihamisha picha zetu za harusi kwenye kompyuta yake, na wimbo ukahama nazo bila mimi kujua.

Msimu wa baridi uliopita akaalikwa Ulaya, kwenye tamasha la muziki wake, mji wa mlimani ambako watu huteleza juu ya theluji. Nyumbani tuliaga tunakwenda kutembea. Majukwaa yalikuwa kila mahali na kila moja lina tabia yake. Kubwa lilikuwa chini ya mlima, linatema moto huku watu wamesimama kwenye barafu. Jingine lilikuwa ndani ya kuba la vioo. Jingine pembeni ya bwawa la maji moto la hoteli, watu na nguo zao za kuogelea, hapo nilipita nimeinamisha macho. Chini kabisa ya hoteli, kwenye stoo ya viatu vya kutelezea, kulikuwa na kiza na mdundo unaokuingia mpaka mbavuni. Jukwaa la Nasri lilikuwa katikati ya mlima, mchana kweupe, na unalifikia kwa telefriki, kile kibanda cha vioo kinachoning'inia kwenye waya.

Mimi nilikuwa nimepanda juu kabisa kutafuta chai. Wakati nashuka kwenda kumsikiliza, kibanda kikiwa juu ya umati wake, nikasikia sauti ya bibi yangu inatoka chini. "Kinu cha mwenyewe hakiazimwi." Ikarudiwa, ikarudiwa tena, kisha ikaja ngoma ya Bi Zuwena, na wanaume kwa wanawake, na vikombe vyao mkononi, wakaanza kuruka. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele yao. Nikapiga kioo kwa viganja, nikapiga kelele, lakini mlango ule haufunguki mpaka kibanda kifike, na hakuna aliyeinua kichwa.

Nilipomfikia alikuwa anacheka kwa furaha. "Umemsikia bibi? Wameupenda, wallahi." Nikamuuliza kama anajua wimbo unasema nini. Akasema, "Si wa kutwanga? Kinu, mchi, mambo ya jikoni." Na kweli, kaupa jina Jikoni kwa Bibi. Nikamweleza kinu ni nini na mchi ni nini. Uso ukamuiva. Akasema, "Khalas, siupigi tena. Wale Wazungu, nani anajua Kiswahili?"

Wao hawajui, lakini walirekodi. Sauti ikakatwa ikasambaa mitandaoni, na kwa ajili ya lile jina sasa watu wa nchi za mbali wanaiwekea video zao za mapishi. Mwanamke mmoja wa Sib alikuwa anatazama jinsi ya kuoka mkate, akamsikia bibi, akampelekea habari.

Bibi hajala vizuri tangu siku hiyo. Amesema, "Aliyeutoa nje sina radhi naye, hata awe nani." Na kidole kimemwangukia Bi Zuwena, kwa kuwa ngoma inayosikika ni yake na yeye ndiye anayeingia nyumba za watu; wanasema aliurekodi kwa siri. Harusi zimeacha kumwita. Alikuja kwangu akilia: "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Nisemee."

Juzi nilikwenda kwa bibi nimeshajipanga kusema. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono. "Wewe siwezi kukuapisha. Wimbo ulikuwa wako, wewe ndiye uliyedhulumiwa." Nikanywa kahawa yake nikaondoka, na najichukia kwa hilo.

Nasri anasema nimeshasalimika, ninyamaze. Anajua ndoa yetu ilipita kwa neno la bibi baada ya baba kusita, na kwamba bibi akisema hana radhi, baba hatasubiri neno la pili kunirudisha nyumbani. Nampenda mume wangu. Alikosea kwa kutojua, lakini sasa anajua, na bado anamwachia mjane wa watu mzigo wake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wimbo.

Jana Bi Zuwena kanitumia ujumbe wa sauti. Anaomba Ijumaa nikae ubavuni pake, kwa sababu mikono inamtetemeka na anaogopa kuuangusha msahafu. Nimemjibu kwamba nitakaa. Ndugu zangu, nishaurini kabla siku haijafika: niseme, nimpoteze mume, au nimshikilie mkono yule mama wakati anaapa?