Mashine Isiyojua Kigelegele

Nasimiyu huuza mrenda, saga na kunde pale soko la Kangemi, lakini si mboga zilizompa jina. Ni koo lake. Mtoto wa jirani akifaulu mtihani, anaitwa Nasimiyu. Mgonjwa akirudi kutoka hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, anaitwa Nasimiyu. Hufuta mikono kwenye leso, huinua kidevu, na ulimi ukianza kucheza, madereva kule Waiyaki Way hupunguza mwendo wakidhani kuna harusi inavuka barabara. Kigelegele chake huanzia chini, kama maji yanayotafuta njia, kisha hupanda juu ya mabati na nyaya za umeme, kikabaki huko hata baada ya mwenyewe kufunga mdomo. Na watu wa mtaa ule, ambao furaha huwafikia ikiwa imechoka kwa safari, husimama kidogo wakajua kwamba leo kuna mtu amepata.

Kwa hivyo Ivyne, binti wa kaka yake, alipoandika kutoka Leeds, Uingereza, kwamba anaolewa na kijana wa Kikamba aitwaye Muthama, aliongeza ombi moja. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki nje mpaka shangazi yake wa upande wa baba, senge, amfungulie mlango kwa kigelegele. "Senge," aliandika, "nisipokusikia wewe, sitoki." Na ili asikike, akamtumia kishikwambi kipya, kile ambacho watangazaji wa habari hukiita hivyo na Kangemi nzima hukiita tablet.

Jumapili kabla ya harusi wakafanya majaribio. Ciru, rafiki ya Ivyne aliyepewa kazi ya kuendesha simu ya video kule Leeds, aliwapanga wote kwenye vijisanduku vya kioo: Ivyne, kisha Nasimiyu na mumewe Obuya chumbani mwao Kangemi, na Kaluki, shangazi yake Muthama, katika saluni yake karibu na Adams Arcade. Kaluki alikuwa na simu kuukuu yenye ufa katikati. Akapiga kigelegele chake, kifupi na kikali kama filimbi ya refa. Leeds wakapiga makofi.

"Haya, senge," Ivyne akasema.

Nasimiyu alifumba macho akakitoa chote, mpaka Obuya aliyekuwa kando yake akaziba masikio. Alipofumbua macho, nyuso zote zilikuwa zikimtazama kwa subira.

"Anza tu, senge."

"Nimemaliza!"

"Hatujasikia kitu."

"Na sasa mnanisikia?"

"Sasa tunakusikia vizuri kabisa."

Akarudia. Mdomo wazi, ulimi mbioni, na huko ng'ambo kimya kitupu.

"Mkwe wangu," Kaluki akauliza, akijishika mbavu, "hicho ni kigelegele ama unapiga miayo?"

Obuya ni tarishi katika ofisi ya mawakili mjini, na kwa sababu amewahi kubeba mashine nyingi, huamini anazielewa. Aliongeza sauti mpaka mwisho. "Hiyo ni ya mimi kuwasikia, si ya wao kunisikia," mkewe akamwambia. Obuya akavua kava. Akapuliza kitundu cha kipaza sauti, akakichokoa kwa kijiti cha meno kwa upole wa daktari wa watoto. Akazima, akawasha. Akachomeka spika za masikioni, akazichomoa. Mwishowe akauliza kama programu imepewa ruhusa ya kutumia kipaza sauti.

"Kama haina ruhusa, mbona inanisikia nikiongea?"

Obuya akafikiri. "Basi, mke wangu, siku hiyo nenda Adams upigie kwa simu ya Kaluki."

"Nikaazime koo kwa Kaluki!"

Akakifunika kishikwambi kwa leso, akaenda kuwasha jiko.

Jumanne Nasimiyu akashuka River Road, mjini, kwa fundi wa simu aitwaye Nzau, ambaye kibanda chake kimebanwa kati ya duka la vitasa na mtambo wa kuchapisha kadi. Nzau alikipigia kishikwambi kwa simu yake mwenyewe, kwa programu ileile, kisha akaenda kusikilizia kwenye ngazi za jengo la pili.

"Mathe," akamwita, kama vijana wa mjini wanavyowaita akina mama, "sema kitu!"

"Mrenda ya leo! Saga ya leo!"

"Iko poa!" Nzau akarudi. "Hii kitu ni mzima kabisa. Shida yake ni gani?"

"Inakataa kigelegele."

Fundi alimtazama kama mtu anayehesabu vizuri maneno yake. "Sawa. Basi piga, nikasikie."

Nasimiyu, ambaye hajawahi kuona haya sokoni, akaona haya. Kigelegele bila furaha ni kitu kigumu kukichota. Ni kama kuambiwa ulie hapo hapo, mbele ya watu, bila msiba. Akamfikiria Ivyne nyuma ya mlango, amevaa, anangoja. Ulimi ukalegea.

River Road ikasimama. Mikokoteni ikasimama. Mtambo wa kadi ukazimwa. Wanawake waliokuwa wakianika nguo kwenye roshani ya gesti wakaitikia bila kuuliza sababu, na mzee mmoja aliyebeba bomba la choo begani akauliza kwa sauti, "Nani ameshinda?"

Kule kwenye ngazi, Nzau alikuwa ameweka simu kwenye sikio moja huku jingine likipokea barabara nzima. Akabadilisha masikio. Akatikisa simu. Kisha akaanza kucheka.

"Mathe, nimeijua. Hii programu imefundishwa kuondoa kelele. Feni, honi, mbwa, hizo zote inatupa. Inabakisha mtu akiongea tu. Sasa wewe ukianza, inasema, huyu si mtu."

"Si mtu!"

"Inadhani wewe ni king'ora."

"Na ya Kaluki mbona inapita?"

"Simu yake ni nzee. Hiyo haijui mambo ya kuchagua."

Nzau akachimba ndani ya mipangilio, akakizima kile kichujio cha kelele, wakajaribu tena, na safari hii kigelegele kikapita chote. Nasimiyu akarudi nyumbani ameinua kichwa. Njia nzima alikuwa akitafuta jibu la kumpa Kaluki kuhusu miayo.

Jumamosi ikafika. Sebule ya Leeds ilijaa wageni, Muthama amesimama na suti yake, mchungaji ameinama kuomba, mlango wa chumba cha Ivyne umefungwa. Na bila kichujio, Kangemi ikaingia. Jirani fundi wa vyuma akaanza kukata geti. Jogoo akawika. Kisha akapita kijana wa kuuza sumu na kipaza sauti chake, na katikati ya sala, wageni wa Leeds wakatangaziwa: "Panya! Mende! Kunguni! Hakuna atakayebaki!"

Mchungaji akasema amina kabla ya wakati wake.

"Auntie," Ciru akanong'ona, "tafadhali rudisha ile kitu ya kuondoa kelele, ama nitalazimika kukufunga sauti."

Obuya akabonyeza. Kangemi ikafutika, na kigelegele cha Nasimiyu kikafutika nayo.

Kaluki alipiga chake, kikasikika. Nasimiyu akapiga, kikapotea. Akapiga tena. Wageni wakaanza kutazama saa.

"Cha Auntie Kaluki si kinatosha?" Ciru akauliza kuelekea mlangoni. "Gari inangoja."

Sauti ya Ivyne ikatoka ndani, ndogo na yenye ukaidi wa ukoo mzima: "Senge hajapiga."

"Amepiga, hatumsikii! Nimesikia kama nukta moja tu pale mwanzo, kisha ikakatika."

"Mkwe," Kaluki akasema, na sasa hakuwa akicheka, "nikusaidie?"

Lakini Nasimiyu alikuwa amebaki kwenye lile neno, pale mwanzo. Kumbe mashine humtazama mtu kwanza ndipo ikamkataa. Mabawabu wa namna hiyo anawajua. Ametembeza mboga mjini miaka mingi mbele ya askari wa jiji. Ukimkimbia askari, anakushika. Ukimkaribia ukimsalimia na kumuuliza hali ya watoto, kapu lako linapita huku akijibu.

Akasogea karibu na kishikwambi, akaanza kuongea.

"Ivyne mtoto wa kaka yangu, li-li-li! jua limetoka mama, li-li-li! fungua mlango tukuone, li-li-li!"

Mashine ikasikia mtu, ikafungua lango, na kila kipande cha kigelegele kikapenya kikiwa kimeshika upindo wa neno lililotangulia.

"Tunasikia!" Ciru akapiga kelele. "Auntie, tunasikia! Usinyamaze!"

"Huyu mama ni mwizi!" Kaluki akalia kwa furaha, akamwitikia kwa nguvu zote za Adams Arcade.

Mlango ukafunguka. Ivyne akatoka na gauni lake, anacheka, wanja tayari umeanza kumtiririka. Ciru akainua simu akamfuata.

Nasimiyu hakuthubutu kunyamaza, maana maneno yakiisha lango lingefungwa. Akasifu viatu. Akasifu zulia, ngazi, kitasa cha mlango. Vitu vya kusifu vikamwishia Ivyne akiwa bado katikati ya ngazi, akajikuta anasema mengine, yale ambayo kigelegele kilikuwa kimemwepusha kuyasema tangu alipojifunza kukipiga: kwamba unatembea kama baba yako, li-li-li, kwamba angekuwepo leo angekanyaga hilo gauni kwa haraka zake, li-li-li, kwamba nilikubeba mgongoni kutoka mazishini kwake umelala na hukujua kitu, li-li-li, na sasa tembea, mama, tembea polepole, hakuna anayekufukuza.

Mlango wa gari ukafungwa. Kioo kikabaki kinaonyesha mvua nyembamba ya Leeds na bega la mtu. Obuya alikuwa bado amekishikilia kishikwambi juu kwa mikono miwili, na mkewe bado anaongea.