Sidii ya Siku ya Kupamba

Kila mara sidii ilikwama palepale. Mdogo wangu anatoka upande wa mlangoni, amevaa gauni lake la kijani, ushungi ameuteremsha mabegani kwa kuwa ukumbini hamna mwanamume. Anakuja mpaka mbele ya kamera, anafungua mdomo aseme. Hapo picha inavunjika vipande vipande, deki inakwaruza huko ndani kama panya ndani ya gunia, na uso wake unasimama. Mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Kisha deki inaruka, na ikitulia biarusi ameshaingia na mdogo wangu hayuko. Hayuko tena mpaka mwisho.

Nilitaka kujua alikuwa anasema nini. Sikuwa na haja nyingine na sidii ile. Biarusi namjua, ni mjukuu wangu, na ngoma za siku ile nilizisikia mwenyewe kutoka uani nilikokuwa na masufuria.

Mimi na mdogo wangu tulikaa nyumba moja hapa Shella tangu waume zetu walipotangulia. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno. Mimi nikinyamaza, yeye anazungumza, na nyumba inajaa. Akizungumza na paka, akizungumza na feni, akimgombeza muuza samaki dirishani kwa samaki ambao hata hatununui. Nikimwambia, "Nyamaza kidogo, masikio yangu si ya kukodi," ananijibu, "Dada, nikinyamaza mimi utasikia nini?"

Nimeshalipata jibu la swali hilo. Nasikia friji. Nasikia mwiko wa jirani.

Picha hakupenda kupigwa. Ile ya kitambulisho amekunja uso kama aliyemeza shubiri, na hapo ameondoka duniani nasi hatuna nyingine, ila hiyo sidii. Alipokufa watu walikuja, wakasoma, wakala, wakaenda zao. Ndivyo inavyotakiwa, mtu haji matangani akahamia. Wanangu wako mbali, mmoja Nairobi na mwengine Saudia. Wanapiga simu. "Mama hujambo?" "Sijambo." "Umekula?" hawaniulizi, hilo lilikuwa swali la mtu mwengine. Kupika nikaacha. Mtu mmoja hawashiwi jiko. Asubuhi chai na mkate, na usiku chai na ule mkate uliobaki.

Deki yenyewe tuliinunua mjini, duka la Mhindi mmoja ambaye baba yake alimuuzia baba yangu redio. Ilikuwa ya bei ya chini, nyepesi, mpaka nikamuuliza kama ndani mna kitu. Akasema, "Mama, mna kitu kinacholingana na bei yake." Sikumlaumu. Ilipoanza kukwama nikamrudia.

"Hizi hata mimi siuzi tena," akaniambia. "Lete hiyo sidii. Mwanangu ataihamisha kwenye flashi, utachomeka kwa tivii, basi."

"Mwanao ni wa kiume?"

"Wa kiume."

"Basi haiwezekani. Ni ya kupamba."

Akaitikia kwa kichwa akaelewa, maana na wao wana siku zao za wanawake. Mwenye kujua kwetu anajua. Siku ya kupamba wanawake huingia ukumbini na mabuibui, wakayavua, wakavaa walivyotaka, wakacheza walivyotaka. Anayerekodi ni msichana. Sidii inayotoka pale ni amana ya wanawake wote waliokuwamo, na miongoni mwao kuna wake za watu ambao waume zao huniamkia njiani. Na huyo msichana aliyerekodi ameshakwenda Uarabuni kufanya kazi. Alitupa sidii moja tu, na mjukuu wangu alipohamia kwa mumewe akaniachia mimi.

Mhindi akasema, "Kuna fundi nyuma ya soko. Mpelekee deki. Sidii ibaki kwako."

Jirani yangu naye alikuwa na dawa yake. Ati niipake sidii dawa ya meno, niisugue, niioshe. Nikamwambia dawa ya meno ni ya meno.

Fundi alikuwa mtu wa Magarini, Mkristo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Kibanda chake kimejaa redio zilizofunuliwa matumbo. "Shikamoo, hawe," akasema, na hawe kwao ndiyo bibi. Akaifungua deki, akaitazama, akacheka kidogo.

"Hawe, hii imeundwa kwa bati na dua."

"Basi dua imekwisha. Itengeneze."

Akanionyesha. Kuna kijisahani kinachozungusha sidii, na chini yake kuna lenzi, kijicho kidogo kama cha samaki, ndicho kinachosoma. Akatia sidii yake ya kwaya. Watu wakaimba mwanzo mpaka mwisho bila kukatika.

"Waona? Sidii nzima inaisoma. Yenye mkwaruzo ndiyo inayoishinda, maana jicho limechoka na sahani inatetemeka. Lete hiyo inayokwama nipime nayo."

"Siwezi kuileta."

"Mbona?"

"Ni ya kupamba."

Akaweka bisibisi chini. "Sasa hawe, nimtibu mgonjwa pasi na kumwona?"

"Tabibu mzuri hushika mkono tu akajua ugonjwa. Shika mkono."

"Na mkono wa deki uko wapi?"

Nikamwambia fundi ni yeye, autafute. Akalipangusa lile jicho kwa pamba na spiriti, nikarudi nyumbani, nikatia sidii. Mdogo wangu akaja mpaka mbele ya kamera, akafungua mdomo, akavunjika.

Niliporudi fundi hakushangaa. Alikuwa ameshatoa chini ya meza deki nyengine, kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia. Ilikuwa imeungua upande wa umeme, hata taa haiwaki, lakini mashine ya ndani ilikuwa nzima. Hizo zamani zilitengenezwa na watu wasio na haraka, akasema. Angetoa ile mashine yote, sahani na mota na jicho lake, aihamishie ndani ya deki yangu. Waya zao zinaingiliana. Matundu ya skurubu hayalingani, lakini hilo atalifanyia njia.

"Ila hii sharti niipime na sidii yako. Kuna mahali pa kukaza na kulegeza mpaka jicho likae sawa. Bila hiyo, utakuwa waja na kurudi mpaka uchoke. Na nikwambie ukweli, hawe. Ikiwa na hii pia itashindwa, basi ugonjwa si wa deki. Ni wa sidii. Na sidii haina fundi."

Nikaichukua deki yangu nikaondoka. Nikakaa nayo nyumbani siku nyingi bila kuigusa. Si kwa ajili ya ile aibu tu. Aibu ningeitafutia njia. Ni lile neno la mwisho. Maadamu ubovu ni wa deki, mdogo wangu bado alikuwa na neno la kusema, na mimi bado nalingoja. Mtu anaweza kukaa sana juu ya jambo kama hilo. Nilikuwa naitia ile sidii, naungoja uso usimame, nautazama mpaka deki iruke. Halafu nazima. Siku moja nikaona kwamba nimeanza kuuzoea ule uso uliokwama, na wake wenyewe, ule uliokuwa hautulii, siukumbuki vizuri. Nikavaa buibui.

Nikampelekea fundi deki aihamishie ile mashine, nikamwambia nitakuja na sidii Ijumaa wakati wa swala. Saa ile mtaa ule hauna wanaume, wako msikitini, na yeye haendi msikitini. Alicheka kwa hilo. "Kwa hivyo ukafiri wangu una faida, hawe." Nikamwambia sikusema hivyo, yeye ndiye aliyesema.

Nilikwenda na leso mbili na pini. Tivii yake ndogo tukaigeuza ikatazama pembeni, kwenye ukuta, nami nikaketi kwenye kigoda katikati ya ukuta na tivii. Leso nikazitungika ubavuni mwangu kwenye kamba ya waya zake, zikanikinga. Fundi akabaki upande wa pili na deki iliyofunuliwa, mgongo wake huku. Sauti nikaizima kabisa.

Mama muuza viazi karai akapita, akatutazama. "Ee fundi, leo umekalishwa eda?"

"Nimefiwa na lenzi," fundi akajibu, hakugeuka.

"Haya, Mungu akupe subira. Na ukitoka eda uniletee pasi yangu."

Sidii nikaitia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ikazunguka. Hata mlio ulikuwa mwengine, ulikuwa mzito, wa chini.

"Niambie waona nini," fundi akasema.

"Naona wanawake."

"Hilo najua. Wanakwendaje?"

"Wanakwenda vizuri. Sasa wanakatika. Sasa wamekuwa vipande."

Akakaza kitu. "Na sasa?"

"Wamezidi."

Akalegeza. Akatia kitu chini ya mashine, kipande cha kandambili alichokikata kwa wembe, ati kizuie mtetemeko. "Sasa?"

"Wametulia. Rudisha nyuma."

Akarudisha. Pakafika pale mlangoni. Gauni la kijani likatokea. Nikashika magoti yangu. Alikuja, alikuja mpaka mbele, akafungua mdomo, picha ikatingishika mara moja kama pazia likipigwa na upepo, na mdomo ukaendelea. Ulikuwa unasema. Bila sauti, lakini unasema, na mkono ukainuka kama alivyokuwa akiuinua.

"Zima," nikasema.

"Imekwama?"

"Haikukwama. Zima."

Sikutaka kulisikia neno lake pale, baina ya redio za watu. Fundi akafunga skurubu. Niliposhusha leso akaniambia tu, "Hawe, usiiweke juu ya tivii, itapata joto. Iweke penye hewa."

Nyumbani nikakuta stima zimepotea. Nikakaa na deki mapajani, na buibui sijavua. Watu wakatoka msikitini, nikasikia viatu vyao, salamu zao. Jirani akaita mtoto wake ale. Stima zilirudi baada ya alasiri, feni ikaanza kuzunguka, nikainuka nikachomeka.

Alikuja kutoka mlangoni. Akafika mbele ya kamera.

"Mwanangu," akasema, "umekula wewe?"

Sauti ya msichana wa kamera ikajibu kwa karibu, kwa kuwa kamera ilikuwa mkononi mwake. "Bado, bibi. Nangoja biarusi aingie."

"Biarusi atakimbilia wapi? Tangu adhuhuri umesimama na dude hilo. Liweke chini ukale."

"Nikimaliza hapa, bibi."

"Weka. Nakuletea sinia mimi mwenyewe."

Na mkono wake ukaja juu ya kamera, kiganja chenye hina, kikaziba kila kitu. Pakawa giza. Giza lilipoondoka biarusi alikuwa anaingia na watu wanapiga vigelegele.

Basi ni yeye aliyejiondoa. Huyo mtoto alipewa kazi ya kutupiga picha, yeye akamwona ana njaa.

Niliketi. Kisha nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa kwangu siku zote, sikujua tu kuwa lina uhusiano. Siku ile, mimi niko uani na moshi machoni, alinijia na sinia tupu. "Dada, nipakulie ya mtu mmoja, na usibane nyama, ni ya yule mtoto wa picha." Nikamwambia wageni bado. Akasema, "Huyo naye si mgeni?" Nikapakua. Akasimama hapo akanisimulia gauni za kila mtu aliyekuwamo ndani, mpaka nikamfukuza kwa mwiko.

Kwa hivyo yaliyofuata baada ya lile giza la sidii yalikuwa uani, na mimi.

Nikarudisha nyuma nikatazama tena. Ilikwenda vizuri, na hilo nalo lina ubaya wake. Zamani alikuwa akisimama, namtazama nitakavyo. Sasa anakuja, anauliza, anaziba, anakwenda, kama mtu yeyote mwenye shughuli. Nikabonyeza rimoti nimsimamishe. Akasimama, lakini haikuwa muda deki ikamwondoa, ikaweka giza na jina la kampuni yake likitembea kutoka pembe hii hadi pembe ile. Nikazima.

Nikaingia jikoni. Mchele ulikuwamo, nazi haikuwamo. Nikapika hivyo hivyo, mkavu, kwa chumvi. Nikala nusu. Nusu nikaifunika kwa kawa, kwa mazoea ya kumwekea mtu.